Pole kwa Kifaransa

Kitu cha kwanza kilichonitia kinyaa katika Kifaransa kilikuwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa najirekodi kwenye simu nikiwa chooni kazini, mlango nimeufunga kwa komeo, halafu najisikiliza kwenye treni ya kurudi nyumbani Richardson. Aliyekuwa anaongea mle ndani alikuwa mtu mwenye mafua, mtu anayejipendekeza kwa watu asiowajua. Nilifuta. Kesho yake nilirekodi tena, nikafuta tena. Nikiwa na vipokea sauti masikioni nilirudia maneno kwa kunong'ona, na mara moja mama aliyekaa pembeni yangu alihama kiti bila hata kujifanya anashuka.

Hakuna aliyenituma. Kazi yangu ilikuwa kuingiza bili za zahanati kwenye kompyuta, katika ofisi isiyo na madirisha kaskazini mwa Dallas, na katika kazi ile hakuna bili hata moja iliyonidai Kifaransa. Kiswahili nilizaliwa nacho Tanga. Kiingereza nilikipata shuleni, kwa fimbo, na nilipofika Texas kila mtu alikuwa na haki ya kukisahihisha, hata mtu wa dirisha la kuuzia baga. Kifaransa ndicho nilichokichagua mwenyewe. Nilitaka niwe na kitu kimoja duniani nilichokitengeneza kwa mikono yangu, kisicho na doa. Ndivyo nilivyo. Kitanda changu nakitandika mara mbili. Ujumbe wa simu nausoma mpaka maneno yanapoteza maana, ndipo nautuma, kisha nausoma tena nikitafuta kosa.

Na nilikuwa na sababu ya kujiamini. Ile r ya Kifaransa inayowatesa Wamarekani, mimi nilikuwa nayo tangu utotoni. Niliipata madrasa. Ustadhi wetu hakuvumilia mtoto anayesema "gali" badala ya "ghali". Alikuwa anagusa koo lake kwa vidole viwili na kusema herufi itoke hapa, si kwenye meno. Miaka mingi baadaye, mwalimu wa kwenye video alipowaambia wanafunzi wake wajaribu kama wanasukutua maji, nilicheka peke yangu. Paris, ghorofa, rue, ghafla. Kumbe nusu ya safari nilikwisha kuimaliza nikiwa na juzuu mapajani.

Mtu pekee niliyemfahamu aliyekijua Kifaransa alikuwa dada mmoja wa Kikongo, kutoka Bukavu, tuliyekaa meza moja ofisini. Alikuwa anaendesha gari kila siku kutoka Grand Prairie, anafika amechelewa, na anaingia anacheka. Kiswahili chake kilikuwa kinanipa ganzi ya meno kama nimetafuna embe bichi. "Ile Kifaransa." "Ile kitabu." Ngeli zote kwake zilikuwa familia moja. Ungedhani ningemwomba tufanye mazoezi. Sikumwomba. Niliogopa ataniambukiza. Nilitaka Kifaransa cha Paris, si cha mtu anayesema "ile kitabu", na ninaandika hili nikijua linavyonuka.

Siku moja alinikuta nasema peke yangu kwenye mashine ya kahawa.

"Weye, dada, ile Kifaransa yako inavaa kravati."

"Inavaa nini?"

"Kravati. Tai. Unasema kama mutu wa radio. Minakuambia, ukifika kule, Bafaransa batakujibu tu na Kingereza."

"Kwa nini wanijibu Kiingereza nami nawasemesha Kifaransa?"

"Juu hauko na hasira. Luga ni ya kugombana. Siku utagombana na mutu na asikuache, njo utajua unasema." Akachukua kahawa yangu niliyokuwa nimeisubiri, akaondoka nayo.

Nilichukizwa, zaidi na ile "luga". Lakini maneno yake yaliniuma kiasi kwamba niliponunua tiketi ya kwenda Paris, likizo ya wiki moja, Oktoba 2019, nilijiwekea sharti. Nizungumze na mtu mmoja, Ufaransa, mazungumzo yenye mwanzo na mwisho, bila yeye kuhamia Kiingereza. Mtu mmoja tu. Nikishindwa, basi, nafuta kila kitu kwenye simu na sifungui tena kinywa kwa lugha ile.

Tiketi iliyokuwa na unafuu ilikuwa ya kuondokea Houston, anakoishi kaka yangu. Nilikwenda kwa basi, nikalala kwake, akanipeleka uwanjani. "Sasa ukirudi utakuwa unatuongelesha kwa pua?" akaniuliza, akabana pua yake na kusema "bonjour" mpaka bintiye kwenye kiti cha nyuma akachoka kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nashughulika na tofauti ya sauti ya u kati ya "tu" na "tout".

Chumba nilichopanga kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, choo kiko nje kwenye ujia, na zulia la ngazi linanuka kama mbwa aliyelowa. Chini ya jengo palikuwa na duka la mikate. Asubuhi ya kwanza niliingia, nikasalimu kama inavyotakiwa, nikasema sentensi yangu. Sikutetemeka. R ilitoka pale pale alipopagusa ustadhi. Msichana wa kaunta aliniangalia, akatabasamu lile tabasamu la nesi anayekuambia sindano haiumi.

"Two? To take away?"

Nikasema, "Oui."

Lazima nieleze hizo mbili. Kifaransa kina ngeli zake, ila zinaitwa jinsia: kitu ni cha kike au cha kiume, na hakuna sababu. Kabla ya kusema "moja" ni lazima ujue ni moja ya namna gani. Mimi, niliyekuwa nawacheka Wakenya kwa "kitabu yangu", nilifika mbele ya kioo kile cha keki nikagundua sijui keki ipi ni ya kike. Nikikosea, nimejulikana. Lakini "mbili" haina jinsia. Kwa hiyo niliagiza mbili. Kila kitu nilichokula Paris nilikiagiza mbili mbili. Keki mbili za limau, mikate miwili ya chokoleti, vikombe viwili vya kahawa mtu mmoja mezani. Na kwa kuwa nimelelewa kutotupa chakula, nilivimaliza. Siagi ilinijaa mpaka nikawa naisikia nyuma ya pua ninapolala. Nilikuwa najiangalia kwenye kioo cha lifti ya duka kubwa, mashavu yanang'aa mafuta, nikajiambia: mwanamke mzima, unakula viwili kwa kuogopa kusema kimoja.

Haikusaidia kitu. Mfamasia alinijibu Kiingereza kabla sijafika neno la tatu. Mlinzi wa makumbusho alinionyesha njia kwa Kiingereza na kwa mkono. Mhudumu mmoja wa mgahawa alikuwa na Kiingereza kibovu kuliko Kifaransa changu, anatafuta neno "kuku" juu ya dari, lakini hakukiacha. Alikishika kama mtoto aliyepewa usukani. Mimi nasema Kifaransa, yeye anasema Kiingereza, kila mmoja anasema lugha ya kuazima, na chakula kinapoa katikati. Sijui ilikuwa nini. Labda mtandio wangu. Labda rangi. Labda ile u ambayo hakuna ustadhi aliyenifundisha. Mtu anayejichunguza kama mimi hafai kupewa swali la namna hiyo. Nililifanyia kazi usiku na mchana, na mwisho wake nilikuwa nimewachukia wote: mfamasia, mlinzi, mhudumu, na zaidi yule anayesema "merci" kwa sauti ya mtu wa mafua.

Zilikuwa zimebaki siku chache. Asubuhi moja nilikuwa natoka dukani na mfuko wangu wa karatasi, ndani yake viwili, kama kawaida. Mbele yangu alikuwa bibi mwembamba wa koti zito la sufu, anavuta kile kikapu chao cha magurudumu. Hatua kadhaa zilikuwa kati yetu. Gurudumu likakwama kwenye kizingiti, bibi akaanguka kwa magoti, kikapu kikapinduka, chupa ya siki ikapasuka kwenye njia.

Mdomo wangu haukuniuliza. Mtu akianguka mbele yako unasema pole. Hata akipiga chafya, hata akibeba mzigo, hata akirudi kazini, unasema pole. Nikakimbia huku nasema, "Désolée! Désolée, madame! Désolée!"

Alipoinuka alikuwa amenikazia macho. Kuanzia hapo kila neno lilikuwa la Kifaransa, nami nalileta kwa Kiswahili.

"Huangalii unapokwenda?"

"Désolée," nikasema, safari hii kwa ajili ya chupa.

"Umenisukuma."

"Mimi? Hapana!"

"Basi hiyo désolée ni ya nini? Husema hivyo mwenye kosa."

Msichana wa kaunta akatoka. Akauliza kuna nini. Nilitaka kuwahi kujieleza, nikamnyooshea kidole bibi na kusema, "Il est tombé." Ameanguka. Kwetu "ameanguka" ni ameanguka. Awe bibi, awe babu, awe fundi juu ya paa, ni yule yule "a". Kwa Wafaransa nilikuwa nimesema bwana huyu ameanguka.

"Il?" Bibi akaweka mkono kifuani. "Nani il? Mimi ni bwana?"

Mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka wazi.

"Kwetu," nikasema, na sentensi zikatoka zimevunjika miguu, "mtu anaanguka, sisi tunasema désolée."

"Hata kama hukufanya kitu?"

"Hata kama hukufanya kitu!"

"Na aliyesukuma, yeye anasema nini?"

"Yeye anasema neno lingine."

"Lipi?"

Nilitafuta "samahani" kwa Kifaransa. Nilikuwa nalijua. Nilikuwa nayajua matatu. Hakuna lililokuja.

"Désolée," nikasema.

Foleni nzima ikacheka. Bibi hakucheka. Akasema watu wa aina yangu ni wa ajabu, nikamwambia mtu anayeangusha siki yake mwenyewe na kulaumu wageni ndiye wa ajabu, akaniambia nina ulimi, nikamwambia asante, akasema hakunisifu. Nilisema mambo mabaya ya sarufi. Nilisema "je n'ai pas poussé vous", yaani sikukusukuma, maneno yamepangwa kichwa chini, kitu ambacho mtoto wa Kifaransa wa miaka mitatu hawezi kukisema. Kisha akanyanyua kikapu chake akaenda zake, nami nikapanda ngazi za zulia la mbwa huku viatu vyangu vinanuka siki.

Nilipofika mlangoni ndipo nikagundua. Hakuna aliyesema neno la Kiingereza. Si bibi, si msichana wa kaunta. Yalikuwa mazungumzo yenye mwanzo na mwisho. Sharti limetimia. Yule dada wa Grand Prairie angepiga meza kwa mikono miwili.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilikaa kitandani nikaanza kuyarudia yote kichwani, na kila kosa lilinirudia likiwa limevimba. "Poussé vous." "Il." Sikutaka kuyahesabu kuwa yangu. Ilikuwa kama kuletewa cheti chenye jina lako limeandikwa vibaya: si kitu cha kutundika. Basi nikafanya jambo la mimi kabisa. Niliamua kuurudia ugomvi ule, kwa usahihi.

Siku ile sikwenda popote. Nilitafuta kwenye kamusi kitenzi cha kumwonea mtu huruma, nikakipata, nikakinyoosha kama shati. Kesho yake, wakati ule ule, nilisimama nje ya duka kwenye ubaridi. Bibi akaja na kikapu chake. Nikamsogelea.

"Bonjour, madame. Hier, je ne vous ai pas poussée. Je compatissais, c'est tout."

Jana sikukusukuma, nilikuwa nakuonea huruma tu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. R, u, hata ile e ya mwisho ya "poussée", inayoandikwa kwa sababu yeye ni mwanamke na wala haisikiki, nilihakikisha nimeiwaza.

Alisimamisha kikapu chake. Akanikumbuka. Uso wake ukalainika, akanigusa mkono.

"It's okay," akasema. "It's okay."

Akaingia dukani. Kupitia mlangoni nilimsikia anabishana na msichana kuhusu mkate ulioungua, kwa haraka, kwa ukali, kwa raha. Jana alinipa ukali ule. Leo nilimletea sentensi iliyopigwa pasi, naye akanifungulia mlango wa wageni.

Sijui kama kuna neno la Kiswahili kwa kinyaa kile. Si hasira. Ni kama kuonja chakula ukakuta mtu amekwisha kukitafuna, halafu ukajua aliyekitafuna ni wewe. Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kunizunguka. Kisha nikaingia nikanunua mkate wa chokoleti mmoja, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza "one" haina jinsia. Siku zilizobaki nilionyesha vitu kwa kidole.

Houston ilinipokea na lile joto lake la kulowanisha shingo, hata Oktoba. Kaka alikuja na bintiye, mtoto wa darasa la kwanza aliyezaliwa hapo hapo. Anasikia Kiswahili chote, hata ukimsengenya, ila anajibu Kiingereza. Mimi mwenyewe siku zote nilikuwa namfuata huko huko Kiingereza, ili mambo yaende.

"Madame!" kaka akasema, akalichukua begi. "Haya, tuambie. Ulikiongea?"

"Nilikiongea."

"Kuhusu nini?"

"Siki."

"Umekwenda mpaka Paris kuongelea siki." Akatikisa kichwa. "Si ungesema tukupe ya hapa nyumbani."

Mtoto alikuwa anapanda gari huku anataka kusikia, akajigonga kichwa kwenye mlango. Kishindo chake kilisikika.

"Pole, mama," nikasema.

Akajishika kichwa, akanitazama kama mtu asiyeelewa hesabu. "Why? You didn't do it."

Siki ilinirudia puani.

"Achana naye," kaka akasema akiwasha gari. "Hawa ndivyo walivyo."

Nilikaa nyuma, pembeni yake. Ulimini nilikuwa na Kiingereza tayari, laini, cha kumaliza maneno. Ningesema "never mind", angesema "okay", tungefika nyumbani. Nikakimeza.

"Nimesema pole kwa sababu umeumia," nikamwambia.

"But you didn't push me. The door did."

"Mlango hausemi pole."

"Then nobody has to say it."

"Mimi nimesema."

"You're being weird, shangazi."

"Nawe umevimba paji la uso. Pole."

"Stop saying it!"

"Pole sana."

Kaka alikuwa anatuangalia kwenye kioo, hajui acheke au aingilie. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu, malori pande zote mbili. Mtoto alijaa machozi ya hasira. Akafungua mdomo, na Kiingereza kikamwacha njiani.

"Sitaki pole yako! Wewe haikufanya kitu! Kichwa ni yangu!"

"Heee!" kaka akasema mbele. "Kumbe Kiswahili unacho!"

Meno yangu yakafa ganzi. Haikufanya. Ni yangu. Niliwaza "changu" na nikalisikia limesimama nyuma ya meno, safi, limechana nywele, linangoja kutoka. Mtoto alikuwa ananikodolea macho, kifua kinapanda na kushuka, anasubiri nimjibu.

"Ni kweli," nikasema. "Kichwa ni yako. Lakini pole."

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Asante," akasema kwa ukali, akageukia dirisha.

Lile "yako" lilinikaa mdomoni kama siagi, mpaka tukafika nyumbani.